Mlango wa Mbele wa Ofisi ya Kodi

Mwaka 1997 ofisi ya kodi pale Kyela mjini ilikuwa na mlango mmoja tu, wa mbele. Barazani, hatua tatu kutoka mlangoni, aliketi baba mkwe wangu na mashine yake ya kuchapa.

Alikuwa karani wa ushirika kwa miaka ishirini na sita. Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakamiminika kwenye kakao na mpunga, wengine waligombea mizani na magunia; yeye aliondoka na mashine. Akaweka meza pale barazani, akawa anawachapia wafanyabiashara fomu za kodi na barua za kuomba leseni. Mashine ilikuwa na kasoro moja: herufi k iliruka juu ya mstari. Mji mzima uliijua karatasi iliyotoka kwake.

Kwetu mke hamtazami baba mkwe usoni na hatamki jina lake. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Mimi nina stashahada ya kilimo. Nilikuwa naendesha pikipiki ya idara na kuwafokea wanaume wenye mashamba makubwa, na bado kwa miaka kumi na minne, nikiona kofia yake ya kahawia sokoni, nilikuwa nageuza njia. Sikuogopa laana. Desturi ile ilinipunguzia maneno tu. Mtu asiyeruhusiwa kusema nawe hawezi kukuomba kitu.

Aliwahi kuomba, kupitia mume wangu. Kakao yake ilikataliwa na wanunuzi mara mbili kwa sababu ya ukungu, na alitaka nikamwonyeshe namna ya kuivundika. Nilijibu kwamba mke haingii shamba ambamo baba mkwe yumo. Ilikuwa kweli. Ilinifaa pia, maana ningeingia siku moja nisingetoka tena.

Mwezi wa sita mwaka huo nikachukua likizo yangu ya mwaka. Kampuni moja ya kununua kakao ikaniomba nitumie siku kumi na nane za likizo hiyo kuwafundisha wakulima wa Bujonde na Mwaya: mbegu zikae siku ngapi kwenye masanduku, zigeuzwe lini, zianikwe vipi juu ya vichanja. Niliomba kibali kwa mkuu wangu wa idara, Bwana Anyelwisye, akanipa kwa maandishi. Kazi ikaisha. Nikalipwa laki tatu na nusu, mara moja, basi.

Mhasibu wa kampuni aliniambia wazi, "Mama, mshahara wako wanaukata kodi huko huko kazini. Hii hatujaikata. Utaitangaza mwenyewe, na sisi majina ya tuliowalipa tutayapeleka."

Ofisini kwetu walicheka. Sylvester, aliyekuwa na meza mkabala na yangu na ndiye aliyenifundisha kuendesha ile pikipiki, alicheka kuliko wote.

"Dada Marta, unakwenda kumgongea fisi mlango umwambie jikoni kuna nyama?"

"Fisi keshaambiwa na aliyenipa nyama," nikamjibu. "Heri nipeleke mfupa mwenyewe."

Shida ilikuwa baraza. Ili niingie ofisi ya kodi ningepaswa kupita mbele ya meza ya baba mkwe, karibu kiasi cha kumkanyaga. Alikuwa anafika kabla ofisi haijafunguliwa na kuondoka baada ya kufungwa. Kwa hiyo nikampa mume wangu, Hezroni, fedha ya kodi, barua ya kampuni na nakala ya kibali.

"Mpe Muksini, ofisa mwenyewe, mkononi," nikamwambia. "Mwambie ni kipato cha mara moja, mimi ni mwajiriwa, kazi imekwisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Maria. Mimi ni mwalimu, siyo mtoto wa shule."

Akaenda. Hakumpa Muksini. Angewezaje kumpita baba yake, ambaye kazi yake ni kujaza fomu, akaenda kujaziwa fomu na mtu wa pwani? Ingekuwa tusi. Alimwekea baba yake kila kitu mezani, akarudi darasani. Jioni akaniletea stakabadhi. Nikasoma jina langu, nikasoma kiasi, aina ya kipato sikuisoma, nikaitia kwenye bahasha. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu: mtu niliyewafundisha wakulima kukata mbegu kumi waone ndani, stakabadhi niliitazama ganda.

Januari ikaja barua ya makadirio. Bibi Marta, mfanyabiashara wa kakao, anakadiriwa kodi ya mwaka mzima, awamu nne, ya kwanza ifikapo mwisho wa Machi. Nikadhani wamekosea bahasha.

Siku mbili baadaye, Jumatano, Bwana Anyelwisye akaniita. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Bi Marta, unajua tumeagizwa kupunguza watu watatu."

"Najua."

"Ofisi ya kodi hutuletea majina ya wafanyabiashara wapya kwa ajili ya leseni. Limo lako." Akanisogezea karatasi. "Nikaona nianze na wenye biashara. Hao hawatalala njaa."

"Sina biashara. Kibali ulinipa wewe mwenyewe."

"Nilikupa kibali cha kufundisha siku kumi na nane. Hapa wameandika unanunua na kuuza kakao." Alikuwa akichezea kifuniko cha kalamu. "Orodha inakwenda Mbeya Ijumaa saa nne na gari la idara. Ukiniletea karatasi ya kodi inayosema wewe si mfanyabiashara, nitakuondoa. Usipoleta, usinililie."

"Umewahi kuniona nalia?"

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nilikuwa na Maria kidato cha pili, shule ya bweni. Mshahara wa Hezroni ulikuwa unaishia kwa baba yake, kwa ndugu na kwa misiba. Ajira yangu ndiyo iliyokuwa nyumba. Alhamisi asubuhi nikavaa gauni la kanisani na kwenda ofisi ya kodi, kwa mlango wa mbele.

Baba mkwe aliniona natokea upande wa duka la vipuri la Ahmada. Akasubiri nigeuze njia. Sikugeuza. Nilishusha macho, nikajifunika kitenge kichwani na kupita. Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu na mteja wake akiuliza, "Mzee, vipi tena?" Alikuwa amegeukia ukuta.

Ofisa Muksini alikuwa kijana wa Tanga, mwaka wake wa kwanza kwetu, mpole, mwenye kupenda kila kitu kiwe kimebanwa pini. Akatoa jalada langu.

"Mama, fomu ndiyo hii. Aina ya kipato: biashara ya kakao. Inaendelea: ndiyo. Nami nikafungua jalada la biashara. Ningefanya nini?"

Kila k ilikuwa imeruka juu ya mstari.

"Geuza," nikamwambia. "Hiyo iliyobanwa nyuma ni nini?"

Ilikuwa fomu nyingine, imepigwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe. Mashine ile ile. *Mwajiriwa wa serikali. Kipato cha mara moja. Kazi imekwisha Juni.* Kila kisanduku sahihi, bora kuliko ningejaza mimi.

"Hiyo mzee wa barazani aliileta asubuhi ya siku ile," Muksini akasema. "Mchana akarudi, akaniomba niifute, eti mwenye kodi amebadili maelezo. Mimi huwa situpi karatasi."

Asubuhi alikuwa amejaza kweli. Halafu alikuwa amekaa pale barazani, akala mchana wake, akafikiri.

"Mwite," nikasema.

"Nani?"

"Huyo aliyejaza. Asahihishe, atie sahihi mbele yako."

Muksini akatoka, akarudi naye. Mzee aliingia akiwa ameshusha kofia mpaka puani, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya kabati la mafaili na kuuelekea ukuta. Mimi nikageukia dirisha. Ofisa akabaki katikati yetu akitazama migongo miwili.

"Sasa hii ni ofisi au ni mchezo wa kujificha?" akauliza.

"Ofisa," nikasema nikitazama nje, "muulize aliyejaza fomu kwa nini aliifuta ya kwanza."

"Mzee, unaulizwa..."

"Sijasikia mtu," baba mkwe akauambia ukuta. "Ofisa, humu ndani wewe unamsikia nani?"

"Namsikia Mama Maria."

"Mimi simsikii. Mwanangu aliniletea fedha na barua. Niliandika nilichoona ni kweli. Mtu anayefundisha kakao kwa fedha huko Bujonde, na kakao ya kwake nyumbani inaoza, huyo ni mfanyabiashara. Au kuna jina lingine?"

"Mwambie ataniachisha kazi," nikasema. "Majina yanakwenda kesho."

"Kazi!" Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mwambie huyo ambaye hayupo kwamba hata mimi nilikuwa na kazi. Miaka ishirini na sita. Siku niliyotoka hakuna aliyevaa gauni la kanisani. Kwangu kuna ekari nne za kakao zinangoja mtu mwenye cheti. Akipunguzwa, atajua njia ya shambani. Si mbali."

"Kwa hiyo ulijua," Muksini akasema polepole. "Ulijua majina yanapelekwa halmashauri?"

"Kijana, barua ya kuwapelekea hayo majina nani anakuchapia?"

Muksini akatazama meza yake. Mashine ya ofisi ilikuwa mbovu tangu Aprili.

Mzee akaanza kuondoka, anafuata ukuta kwa mkono kama kipofu ili asinione. Alikuwa ameshinda. Angetoka, angeketi, na mpaka Ijumaa saa nne hakuna mwanamke wa ukoo ule ambaye angeweza kumfuata na kumwambia neno. Desturi ilikuwa imemjengea boma, nami nilikuwa nimesaidia kubeba matofali.

Nikavua kitenge kichwani. Nikaenda nikasimama mlangoni.

"Zebedayo," nikasema.

Barazani watu waligeuka. Kulikuwa na watu sita au saba, wauza mpunga, akina mama wawili wa sokoni, mzee wa kanisa letu. Mmoja wa wale akina mama akasema "Eee!" na kuziba mdomo.

"Zebedayo Mwaisumo. Nitazame."

Alifumba macho. Sijawahi kuona mtu mzima akifumba macho kwa nguvu namna ile, kama anayengoja kuchomwa sindano.

"Mama, yatosha," Muksini akanong'ona.

"Haijatosha. Zebedayo Mwaisumo, nitalisema jina lako hapa mlangoni mpaka ofisi ifungwe. Kesho nitalisema sokoni. Jumapili nitalisema kanisani, watu wakisalimiana. Au utie sahihi."

Macho yalifunguka. Yalikuwa ya kahawia hafifu, yana ukungu wa uzee pembeni. Miaka kumi na minne sikujua rangi yake, na ni macho ya mume wangu yale yale. Nikayatazama. Muksini akamsogezea fomu mpya na kalamu. Alitia sahihi bila kusoma, yeye aliyekuwa akisoma kila kitu mara mbili, na mimi nikaendelea kumtazama mpaka nukta ya mwisho.

"Ndaga fijo," nikamwambia. Asante sana. Nikaondoka na karatasi.

Ijumaa saa mbili asubuhi nikaiweka mezani kwa Bwana Anyelwisye. Aliisoma, akapiga mstari juu ya jina langu kwa rula.

"Sasa pana nafasi," akasema. "Wanataka watatu. Namweka nani?"

"Hiyo kazi yako, bwana."

"Nakuuliza kwa kuwa wewe unajua mambo. Nani hapa ana kitu kingine cha kumlisha?"

Nilijua. Sylvester alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Mwaya, imeandikwa jina la shemeji yake, haijawahi kuona ofisa wa kodi. Alikuwa na watoto watano. Alikuwa amenishikia usukani wa pikipiki wiki mbili nzima nisianguke.

Nikataja jina lake. Saa nne gari likaondoka.

Ukoo ulikaa kikao Jumapili. Waliniambia nimemvua nguo mkwe wangu hadharani, nilete ng'ombe wa kumsafisha. Niliuliza kama na yeye ataleta ng'ombe kwa ile fomu. Kwao fomu haikuwa kitu. Nikakataa. Hezroni alihamishia nguo zake chumba cha pili.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Ningeongea naye."

"Nilikwambia umpe Muksini mkononi. Ulisikia?"

Akarudi kuchukua mto wake.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Nilikuwa na ajira yangu, jalada la biashara limefungwa, barua ya makadirio imefutwa. Kodi ya kipato cha mara moja inahitaji safari moja: unakitangaza, unalipa, unapewa karatasi, umemaliza. Muksini alinieleza vizuri, nami nilimwelewa.

Jumatatu iliyofuata nikarudi kuomba nakala ya stakabadhi. Mzee aliniona natokea kwa Ahmada. Yeye bado alikuwa anashika desturi. Angeiacha angebaki na nini? Akainuka haraka, akaacha barua nusu ndani ya mashine na mteja akiwa katikati ya sentensi, akaenda kujibanza nyuma ya tangi la maji mpaka nitoke. Nikakaa ndani nusu saa. Niliuliza bei ya stempu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuuliza kama jalada limefungwa kweli. Halafu kuuliza kama limefungwa kabisa. Nilikwenda siku za gulio, baraza likiwa limejaa. Machi mvua zilipoanza nilikwenda kwenye mvua, naye akasimama nyuma ya lile tangi bila mwavuli, na karatasi za watu zikalowa mezani. Niliona vizuri kupitia dirishani. Wateja wakaanza kunung'unika. Muuza mpunga mmoja alichelewa leseni kwa sababu barua yake ilikatishwa mara mbili. Akaenda kwa kijana mmoja karibu na stendi aliyekuwa na mashine mpya. Wengine wakamfuata.

Nilihesabu safari zangu. Zilikuwa kumi na moja.

Katika ile ya kumi na moja Muksini alinisubiri mlangoni.

"Mama Maria, nakuomba usije tena. Kodi yako imekwisha tangu Januari."

"Ofisi ya umma hii. Unanifukuza?"

"Sikufukuzi." Aliangalia kule kwenye tangi. Ukingo wa kofia ya kahawia ulionekana, unatikisika. "Yule mzee anakohoa."

"Mvua," nikasema.

Mwezi wa tano Hezroni akaniambia, bila kuketi, kwamba baba yake haendi tena mjini. Kifua kimembana. Ameuza mashine kwa Ahmada.

"Bei gani?"

"Unauliza bei?" Alinitazama kwa macho yale yale ya kahawia. "Ameuza mashine, Marta."

Tangu Maria azaliwe hakuwa ameniita jina langu.

Juni likizo yangu ikafika na kampuni ikaniita tena: siku kumi na mbili, Mwaya, na safari hii walitaka kijitabu kidogo cha maelezo. Kijitabu kinahitaji kuchapwa. Nikaenda kwa Ahmada. Mashine ilikuwa juu ya kaunta katikati ya minyororo ya baiskeli na mikebe ya grisi.

"Mama, hii k yake inaruka," Ahmada akanionya. Alikuwa mwaminifu.

"Najua. Punguza bei."

Akapunguza. Niliifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira na kuipitisha njia ya juu, ile inayopita mbele ya nyumba ya wakwe. Alikuwa ameketi mlangoni kajifunika blanketi. Safari hii hakuwahi kugeuka. Alitazama mashine ikipita, hakunitazama mimi.

Nilichapa kijitabu. Nililipwa. Nikachapa na fomu yangu: mwajiriwa wa serikali, kipato cha mara moja, kazi imekwisha Juni. Nikapanda baraza lililokuwa tupu. Pale meza iliposimama palibaki alama nne za miguu kwenye saruji.

Muksini aliipokea fomu, akaanza kusoma, akasimama kwenye mstari wa kwanza. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Herufi hizi," akasema.

"Zina kosa?"

Alipitisha kidole chini ya kila k, kisanduku kwa kisanduku, mpaka mwisho. Hakukuta kosa.

"Hapana."

"Basi gonga muhuri," nikamwambia. "Nina watu wananisubiri."